Chai ya Kijani na Vidonge vya Bibi

Muhula huu desturi mpya imeingia katika bweni letu. Zamani msichana aliyerudi kutoka likizo alileta karanga, au mahindi ya kukaanga, au chupa ya asali kama kwao wana mizinga. Siku hizi huleta pakiti ya chai ya kijani. Mmoja ataka kupungua mwili, mwingine ataka ngozi yake ing'are, wa tatu amesikia kwamba chai hiyo huongeza akili wakati wa mtihani, na wa nne hunywa kwa kuwa hao watatu wanakunywa. Nimeulizwa shauri langu mara nyingi, kwa sababu wote wanajua kuwa kwetu ni Mufindi, na Mufindi ni chai. Nimeona afadhali niandike mara moja katika gazeti letu kuliko kujibu kila usiku baada ya taa kuzimwa.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba hakuna mti wa chai ya kijani. Mti ni mmoja tu, ule ule unaotupa chai nyeusi tunayoipika kila siku. Baba yangu alifanya kazi miaka 11 katika kiwanda cha chai, naye ndiye aliyenifundisha jambo hili kabla sijalisoma kitabuni. Wachumaji huchuma majani mawili machanga pamoja na kichipukizi chake. Jani likikwisha kuchumwa huanza kubadilika lenyewe, kama vile ndizi iliyomenywa inavyogeuka rangi ikiachwa hewani. Wanaotaka chai nyeusi huliacha jani linyauke kwa saa nyingi, kisha hulikata na kulisaga, na kuliacha lipigwe na hewa mpaka lipate rangi ya shaba. Ndipo hulikausha kwa moto. Wanaotaka chai ya kijani hufanya haraka. Wajapani hulipika jani kwa mvuke mapema baada ya kuchumwa, na Wachina hulikaanga katika karai, ili kuua kile kimeng'enya kinacholigeuza rangi. Kwa hiyo jani hubaki kijani, na vile vitu viitwavyo katekini hubaki ndani yake kwa wingi, badala ya kugeuka kuwa vitu vingine kama katika chai nyeusi. Katekini hizo ndizo zinazoifanya chai ikaushe ulimi, na ndizo zilizoipa sifa zake zote, za kweli na za uongo.

Kilo moja ya chai kavu hutoka katika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Nimemwona mama yangu mdogo akirudi na kikapu mgongoni jioni, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu, na najua uzito wa kilo hizo. Basi nicheke au nilie nikiona watu wa kwetu wakinunua, kwa bei ya kuku wawili, pakiti ndogo ya jani hilo hilo lililovuka bahari?

Sifa ya chai kuwa dawa si jambo la jana. Mwaka 1191 mtawa mmoja wa Kijapani jina lake Eisai alirudi kwao kutoka China, na mwaka 1211 akaandika kitabu kizima juu ya chai na afya. Mwaka 1214 mtawala wa nchi, Minamoto no Sanetomo, alipokuwa akiugua kwa sababu ya kunywa pombe kupita kiasi, Eisai alimpelekea chai pamoja na kitabu hicho. Yamkini alipata nafuu. Lakini mtu aliyelewa jana akinywa kitu cha moto na kupumzika, mara nyingi hupata nafuu hata bila kitabu.

Wajapani wa siku hizi wameichunguza chai kwa njia bora zaidi. Katika mkoa wa Miyagi wataalamu waliwafuata watu 40,530 wenye umri wa miaka 40 mpaka 79 kwa miaka kadhaa, wakiandika nani anakunywa chai ya kijani kiasi gani na nani amekufa kwa maradhi gani. Habari zao zilichapishwa mwaka 2006. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu kwa uchache kuliko wale waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Tofauti yao ilikuwa asilimia 26 hivi, na kwa wanawake ilizidi. Lakini kwa saratani hawakuona tofauti yo yote. Hata hiyo habari njema ya moyo yataka kusomwa kwa hadhari, kwani kuwatazama watu wanavyoishi si sawa na kuwapa chai na kuwapima. Huenda mnywaji wa chai ana mambo mengine mema maishani mwake, na chai ikapewa sifa ya hayo yote. Tena Wajapani huinywa bila sukari. Ye yote anayetia vijiko vinne katika kikombe na kusema anajitibu, asiwataje Wajapani.

Sasa nitaeleza habari za bibi yangu, kwa idhini yake mwenyewe. Amesema niandike, ila nisitaje jina lake, maana hataki watu wa kanisani wamwulize.

Bibi, mzaa baba, ana umri upatao miaka 71, na tangu mwaka 2016 ana ugonjwa wa presha. Zahanati humpa vidonge vya aina mbili vya kumeza kila siku. Likizo ya mwezi wa Juni nilikwenda kwake, nikamwamkia, akaitikia vizuri, tukaketi jikoni. Nilipoinua kikapu nitafute kibiriti niliona vidonge vya miezi miwili vimefungwa kama vilivyotoka zahanati.

"Bibi," nikamwuliza, "hivi vidonge ni vya nani?"

"Ni vyangu. Nimevipumzisha."

"Mbona umevipumzisha?"

"Vidonge ni vya mgonjwa, mjukuu wangu. Mimi nakunywa chai."

Akanionyesha kopo lenye maandishi ya kigeni. Alilinunua mnadani kwa shilingi 25,000 kwa mfanyabiashara mmoja mwenye kipaza sauti, ambaye aliwaambia wazee kwamba vidonge vya presha hukausha figo, lakini chai ya kijani husafisha mishipa mpaka iwe kama ya mtoto. Mtu aweza kusema, mzee huyu ni mjinga. Sivyo hata kidogo. Bibi alikuwa na sababu zake, nami nilizisikiliza zote. Kidonge kimoja kilimfanya atoke nje usiku mara tatu au nne, na choo cha kwake ki mbali na nyumba, na njia ina utelezi. Zahanati ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Lakini jani la chai analijua. "Nimelichuma miaka ishirini na minane," akasema, "nalo halijanidhuru. Hivyo vidonge sijui vimetoka shamba gani."

Siku ya tatu alipokuwa akichota maji aliona kizunguzungu, akashika ukuta. Baba akaja na pikipiki ya kukodi, tukampeleka zahanati. Mganga alimpima akakuta 192 juu ya 108. Sisi tunaosoma Biolojia tunajua maana ya tarakimu hizo. Ni mtu anayetembea huku mshipa wa kichwani waweza kupasuka wakati wo wote, na akabaki amepooza upande mmoja, au asibaki kabisa.

Napenda kumsifu mganga yule, kijana tu, kwa kuwa hakumgombeza. Alimwomba alete kopo lile, akalisoma, akasema, "Mama, chai hii ni nzuri, wala sikukatazi. Lakini tuipime nguvu yake." Akamweleza jambo ambalo baadaye nililithibitisha mimi mwenyewe kwa msaada wa mwalimu wetu. Majaribio mengi ya chai ya kijani yamekusanywa na kulinganishwa, na ikaonekana kwamba kweli hushusha presha, lakini kwa kiasi cha milimita 2 tu za zebaki kwa wastani. Kidonge kimoja cha kawaida hushusha 9 hivi, na vikiwa viwili vya namna mbalimbali hushusha zaidi. Basi kwa chai peke yake, 192 ya Bibi ingekuwa 190.

Jioni ile nyumbani nilichukua punje za mahindi nikazipanga juu ya mkeka: punje mbili za chai, punje tisa za kidonge kimoja. Bibi akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, akasema, "Kumbe chai ni mtoto, kidonge ni baba yake."

Shida ya usiku nayo ilitatuliwa kwa urahisi ambao hakuna aliyeutazamia. Bibi alikuwa akimeza vidonge vyote wakati wa kulala, ili asisahau. Kidonge kile cha kutoa maji mwilini mganga alimwambia akimeze asubuhi, ili kazi yake iishe mchana. Hilo tu. Kama angeulizwa mapema kwa nini anachoka na vidonge, yule mwenye kipaza sauti asingepata shilingi 25,000. Baada ya wiki tatu alipimwa tena, ikawa 148 juu ya 86, na chai yake anakunywa alasiri akiwa amekaa barazani. Mganga aliuliza pia majina ya dawa zake, maana ziko chache ambazo hazipatani na chai hii. Mathalani iko dawa ya presha iitwayo nadololi. Katika jaribio lililofanywa Japani na kutangazwa mwaka 2014, chai ya kijani iliipunguza sana katika damu ya wanywaji. Bibi hatumii hiyo, lakini mgonjwa wa nyumbani kwako huenda anaitumia, kwa hiyo yafaa kuuliza.

Yule mfanyabiashara alikuwa na kopo la pili, ambalo kwa bahati njema Bibi hakulinunua, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi kwa ajili ya wenzangu. Ni vidonge vilivyotengenezwa kwa kukamua katekini za majani mengi na kuzishindilia pamoja, vikauzwa kuwa ni vya kupunguza unene. Kuna tofauti kubwa kati ya kunywa jani katika maji na kumeza nguvu ya majani ya siku nzima kwa mara moja. Mwaka 2018 wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walitazama katekini moja iliyo kubwa kuliko zote katika chai. Waliona kuwa wanywaji wa chai ya kawaida hupata miligramu 90 mpaka 300 za katekini hiyo kwa siku, na kwa jumla hawadhuriki. Lakini waliomeza vidonge vyenye kufikia miligramu 800 au zaidi kwa siku, baadhi yao walionyesha dalili za ini kuumia. Mwaka 2022 Umoja huo ukapiga marufuku vidonge vya kiasi hicho. Na huo unene wenyewe? Majaribio yaliyokusanywa mwaka 2012 yalionyesha kwamba watu waliopewa chai hiyo walipungua kidogo mno, kiasi ambacho hakina maana kwa afya. Rafiki zangu wa chumba namba 4, nadhani mmenielewa, wala sitasema zaidi.

Jambo linalotuhusu sisi wasichana kuliko yote halitajwi katika pakiti yo yote, nalo ni damu. Chakula chetu hapa ni ugali, maharage na mboga za majani. Madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivi huingia mwilini kwa shida, tofauti na yale ya nyama na samaki, na katekini za chai huyashika tumboni yasipite. Chai nyeusi hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo msidhani mnaokoka kwa kubadilisha rangi. Katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016, asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa na upungufu wa damu. Sisemi chai ndiyo iliyowafanya hivyo. Malaria, minyoo, uzazi na umaskini wa chakula vinatosha. Lakini mtu mwenye damu kidogo kwa nini ajiongezee mwizi mezani?

Nami nawaona wenzangu. Chai hutolewa saa nne, wao huijaza katika chupa, wakaifungua saa saba pamoja na maharage. Dawa yake haina gharama. Jaribio lililofanywa Uingereza kwa wanawake na kutangazwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba chai ikinywewa saa moja baada ya chakula, badala ya pamoja nacho, ule uzuiaji hupungua kiasi cha nusu. Basi kunywa saa nne ile ile, na saa saba kunywa maji, na ukipata ndimu au chungwa, bora zaidi, maana ukali wake husaidia chuma kuingia.

Juu ya kuongeza akili nitasema kwa ufupi. Katika kikombe cha chai ya kijani mna kafeini kiasi cha miligramu 30 hivi, kama theluthi moja ya kikombe cha kahawa. Humwamsha mtu, lakini haimfundishi Hesabu. Anayekunywa vikombe vitatu saa nne ya usiku ili asome mpaka saa nane, asubuhi hulala darasani, na sisi tunaokaa nyuma yake tunamwona. Mama mwenye mimba, wataalamu wamemshauri asipite miligramu 200 za kafeini kwa siku, akihesabu chai, kahawa na soda kwa pamoja.

Mwisho nije katika moto wa chai, ambao wavulana hujivunia. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon nchini Ufaransa, lilitangaza kwamba kunywa kitu cho chote chenye moto uliozidi digrii 65 pengine huleta saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula itokayo kooni mpaka tumboni. Haidhuru ikiwa ni chai ya kijani, nyeusi, uji au maji matupu. Kosa ni la moto. Huko Golestan nchini Iran watu 50,045 walifuatwa kwa miaka mingi, na mwaka 2019 ikatangazwa kuwa waliokunywa mililita 700 au zaidi za chai kwa siku, ikiwa na digrii 60 au zaidi, walipata ugonjwa huo kwa asilimia 90 zaidi kuliko waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa. Ugonjwa huu si wa mbali. Umeenea katika ukanda mzima wa mashariki ya Afrika, toka Ethiopia mpaka Afrika ya Kusini, na nadhani wengi wetu tunamjua mzee mmoja aliyekuwa akishindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji.

Kwa ruhusa ya mwalimu wa Fizikia, Chama cha Sayansi kilipeleka kipimajoto bwaloni. Shule yetu iko juu, zaidi ya mita 1,800 toka usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwa digrii 94 hivi, kwa hiyo tulidhani tuko salama kidogo. Hatuko. Chai ilipotiwa katika kikombe ilikuwa digrii 83. Baada ya dakika tano ilikuwa 73, baada ya dakika kumi 66, na ilipofika dakika ya kumi na mbili ndipo tukasoma 64. Wakati huo wavulana wa Kidato cha Pili walikuwa wamekwisha kumaliza na kusimama foleni tena, kwa sababu anayemaliza mbele ndiye anayepata kikombe cha pili.

Tulipeleka tarakimu hizo kwa mwalimu wa zamu, naye amekubali kwamba kuanzia muhula ujao chai itiwe vikombeni dakika kumi na mbili kabla ya kengele. Mpishi mkuu hana pingamizi, ila ameuliza ni nani atakayefukuza nzi kwa muda wote huo. Chama cha Sayansi kinaandika majina ya watakaojitolea. Karatasi imebandikwa karibu na mlango wa bwalo, na mpaka leo ina majina mawili.